Doa Jeupe Kwenye Ulimi wa Ézéchiel

Jumapili ile, majirani wa Domitille kule Ndosho walifikiri amepata mjukuu mwingine. Vigelegele vilianza hata kabla hajavua kitenge cha misa.

"Imepunguka! Mama Dancille, kuja haraka, kuja uone kwa macho yako! Imepunguka!"

Katikati ya uwanja, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi mwanaume wa miaka thelathini na minne, ndevu kidevuni, baba wa watoto wawili, kichwa amekiinua juani na mdomo wazi. Ndiye Ézéchiel, mutoto wake wa kwanza, dereva wa pikipiki anayejulikana kwenye barabara yote ya Sake. Domitille alikuwa amemkamata taya kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulishika simu yenye kuwaka taa, ijapokuwa jua la siku ile lilitosha kukausha muhogo.

"Mwezi wa kwanza ilikuwa kama punje ya haragi," akasema. "Mwezi wa pili, punje ya muhindi. Leo ni mtama! Mtama tu, na wenyewe umepauka!"

Dancille, jirani wa ukuta mmoja, akainama akachungulia. "Mimi naona meno yanayoomba brosi."

"Ulimi, Mama Dancille! Pembeni, upande wa kushoto!"

"Aaa. Nimeona sasa. Kweli, iko inaenda."

Ézéchiel akajaribu kusema neno, ikatoka "aa, aa, aa."

"Nyamaza," mama yake akamwambia. "Bado sijamaliza kufurahi."

Mama wenzangu, msimcheke. Mutu akishalala miezi mitatu na neno kanseri kichwani, akiamka akaona doa limekuwa dogo, atapiga vigelegele hata kanisani. Lakini furaha ile ndiyo ilitaka kummalizia mutoto wake. Na ni juu ya furaha ile habari hii inaandikwa.

Mambo yalianzia kwenye sahani. Ézéchiel alikuwa anakula kwa mama yake, ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akaweka pilipili kama kawaida yake, mara akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Upande mmoja wa ulimi ulimuwaka. Domitille akamwambia afungue mdomo, na pale pembeni, palepale anapolalisha tumbaku yake, akaona doa jeupe. Akalisugua kwa kitambaa. Halikutoka. Akalisugua kwa chumvi, Ézéchiel akalia, na doa likabaki.

Tumbaku ile alianza zamani. Madereva wengi wa barabara ya Sake wanaitumia: jani linapondwa na majivu kidogo, mutu anaweka kwenye shavu, usingizi unakimbia, na njaa nayo inasahau. Domitille alikuwa anaijua. Alikuwa anaikemea kama mama wote wanavyokemea, yaani kila siku, na bila kungoja jibu.

Wakaenda kwenye kliniki moja ya Himbi. Wakapokelewa na Dokta Kahindo, mwanamke wa Butembo, kijana, anayezungumza polepole kama mwalimu wa mwaka wa kwanza. Akaliangalia doa kwa muda mrefu, kisha akaketi, akaandika mistari mitatu kwenye karatasi.

"Mama, na weye papa, musikilize vizuri. Hii bado siwezi kusema ni kanseri. Lakini ni doa la namna ambayo wakati mwingine inageuka kanseri, na mahali limekaa, pembeni ya ulimi, sipapendi. Basi, kwanza: tumbaku iishe leo. Si kesho. Pili: dokta wa upasuaji wa mdomo anakuja mara mojamoja kutoka Bukavu. Akifika, atakata kinyama kidogo, kama punje ya mchele, kiende labo wakiangalie na mashine. Tatu: tukiwa tunamungojea, nitakupatia kapsule hizi."

Akaonyesha boksi. Kapsule zilikuwa nyekundu, zinang'aa.

"Ndani kuna kitu kinaitwa likopeni, ile rangi inayofanya tomate ziwe nyekundu. Iko kwenye jamii ya dawa zinazosaidia mwili kupambana na uharibifu ule unaoletwa na tumbaku na moshi. Kuna watu wakitumia, doa linapunguka. Lakini mama, kupunguka si kupona. Hakuna ambaye ameonyesha bado kama kapsule hizi zinazuia kanseri. Kwa hiyo ule mstari wa pili, wa kukata, musiusahau. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, dokta," Domitille akasema.

Hawakuelewana. Domitille alimaliza masomo ya msingi, karatasi anaisoma vizuri kabisa. Lakini siku ile macho yake yaliruka mstari wa pili kama mutu anavyoruka matope barabarani. Kule Masisi alikozaliwa wanasema kanseri imelala, na kinachoiamsha ni chuma. Na yeye alikuwa na ushahidi wake: shemeji yake. Alikuwa na uvimbe kwenye shingo, akakatwa, na baada ya miezi miwili wakamzika. Kwamba alitembea na uvimbe ule miaka miwili mizima, anaufunga majani na kuuficha kwa skafu, hilo Domitille hakulihesabu. Alihesabu kile kisu tu.

Basi akakamata mstari wa tatu kwa mikono yote miwili.

Kila asubuhi kapsule na maji ya moto, mbele ya macho yake. Na kwa kuwa ni rangi ya tomate, akasema tomate zenyewe zitazidisha nguvu. Tomate kwenye sombe, yale majani ya muhogo. Tomate kwenye haragi. Tomate kwenye sambaza, tomate mbichi kwenye mkate wa watoto.

"Mama," Ézéchiel akamuuliza siku moja, ameshika kikombe, "hata chai?"

"Kunywa."

"Iko na mbegu, mama."

"Kunywa, nakuambia! Weye ulipoweka majivu mdomoni miaka kumi, nani alikuuliza mbegu?"

Na kila Jumapili, kiti cha plastiki, jua, simu. Haragi, muhindi, mtama. Domitille alianza kuimba akipika. Aliwasimulia wateja sokoni, aliwasimulia mama wa kwaya, alimsimulia hata askari wa barabarani aliyekuwa amemsimamisha mutu mwingine kabisa.

Jumatano iliyofuata, simu yake ikalia. Pale kliniki walikuwa wameandika namba yake, maana siku ile simu ya Ézéchiel ilikuwa imeanguka kwenye mawe ya volkano na kupasuka.

"Mama Domitille? Ni Dokta Kahindo. Habari nzuri! Dokta wa Bukavu amefika. Anafanya kazi kesho, na Ijumaa mpaka saa saba. Saa nane anapanda boti kurudi. Muniletee mugonjwa wangu."

"Aksanti sana, dokta. Mungu akubariki. Lakini tulishapona."

"Nani ameona kama mulipona?"

"Mimi. Mama yake. Juani."

"Mama, nafurahi sana kusikia vile. Sasa mumulete. Hata kama doa limeisha lote, mumulete. Akiondoka huyu, sijui atarudi lini. Labda miezi mine, labda zaidi."

"Nitamuambia, dokta."

Hakumwambia. Jioni ile Ézéchiel alipita kula, akacheka na watoto, akamaliza sahani mbili, na Domitille akamtazama akitafuna, akaona meno yake mazuri, akakiona kile kisu, na shingo ya shemeji, akafunga mdomo wake. Alhamisi vilevile. Alijiambia: mutoto yuko vizuri, kwa nini nikamwamshie kitu?

Ikafika Ijumaa.

Sasa mujue kazi ya Domitille. Anauza fromaji, jibini ile ya duara inayotoka kwenye malisho ya Masisi, yenye ngozi ya manjano. Miaka ishirini na nane kwenye soko la Virunga, meza ileile. Na kwenye kazi ile kuna desturi moja ambayo muuzaji wa kweli haikatai: mununuzi mkubwa akija, mutu anayechukua kumi au ishirini, anatobolewa fromaji yenyewe. Kuna kachuma kembamba, kako na tundu ndani. Unakasukuma mpaka katikati ya fromaji, unakazungusha, unakatoa, na kanakuja na kipande kirefu kama kidole. Unanusa, unaonja ncha, kisha unarudisha kile kipande mahali pake na kufunika tundu. Ndivyo wanavyojua ya ndani.

Saa tano akafika Nsimire, mwanamke wa Bukavu, mnene, mwenye sauti, mteja wa miaka mingi.

"Mama Fromaji! Nipatie kumi na mbili, na haraka, boti haitaningojea!"

"Boti gani itaondoka bila weye? Itaegemea upande mmoja tu!"

Wakacheka, wakagongana mabega. Domitille akaanza kupanga. Fromaji ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, ngozi laini, manjano safi, haina hata ufa. Akampiga Nsimire kwa kiwiko. "Angalia hii. Hii ni bibi harusi. Hii hata sitoboi."

"Toboa."

"Nsimire! Macho yako hayaoni?"

"Macho yangu yanaona ngozi, mama. Mimi siendi kuuzia watu ngozi. Ni nani alinifundisha? Si weye? Nilipoanza biashara ulinipigia kelele hapahapa: mutoto wa Bukavu, ngozi inaweza kuoshwa, ngozi inaweza kupakwa mafuta, toboa!"

"Basi natoboa, ili uone haya."

Akasukuma kachuma. Akazungusha. Akatoa.

Harufu ilifika kabla ya kipande chenyewe. Katikati, mahali ambapo panapaswa kuwa peupe na pakavu, palikuwa na mashimo, na rangi ya buluu, na maji yananuka. Wakati ngozi juu ilikuwa inang'aa vilevile.

"Eti bibi harusi!" Nsimire akapiga kofi, akacheka mpaka wauza ndizi wakageuka. "Eti bibi harusi, eh! Mungu wangu, ningefika nayo Bukavu, wangenitupa ziwani!"

Domitille hakucheka. Alisimama na kachuma mkononi. Watu waliokuwa pale wanasema alibadilika uso kama aliyeitwa jina na mutu asiyemwona.

"Mama Fromaji? Ni fromaji moja tu, usikasirike."

"Nimetazama ngozi," Domitille akasema.

"Eh?"

"Miezi mitatu, Nsimire. Miezi mitatu natazama ngozi! Boti yako ni saa ngapi?"

"Saa nane, lakini..."

"Na sasa?"

"Saa tano na nusu. Mama, unaenda wapi? Na fromaji zangu?"

"Kaa hapa! Uza! Bei unaijua!"

Akamwacha Nsimire na meza, akakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, kilo zake ni nyingi, anakimbia kati ya mafungu ya kabichi huku ameshika kachuma mkononi kama mukuki, na watu wanampisha bila kuuliza. Akapiga simu ya Ézéchiel: inaita, haishikwi. Tena: haishikwi. Akamkamata dereva wa kwanza aliyemwona kwenye kona.

"Mugunga! Pale madereva wanapongojea watu!"

"Mama, hicho kitu mkononi..."

"Si chako! Enda!"

Kutoka soko la Virunga mpaka Mugunga si karibu. Vumbi la mawe meusi, malori ya makaa, magari meupe ya mashirika, watu wa kambi za wakimbizi na madumu ya maji barabarani. Domitille alikuwa anaomba kwa sauti, anamuomba Bikira Maria na kumkemea dereva ndani ya sentensi moja. Walipofika, Ézéchiel hakuwepo. Wenzake wakasema amepeleka mutu Sake, atarudi sasa hivi. Sasa hivi ya watu wa Mugunga ilikuwa dakika thelathini na tano. Domitille hakuketi. Kila pikipiki iliyotokea kwenye kona alikuwa anaikimbilia, mpaka madereva wakaanza kumtangazia: "Mama, hiyo si yeye! Hiyo nayo si yeye! Hiyo ni mbuzi, mama!"

Alipomuona kweli, alimkamata usukani kabla hajasimama.

"Twende Himbi. Sasa."

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna. Dokta wa Bukavu yupo. Anaondoka saa saba. Alianza kazi tangu jana, wakanipigia simu tangu juzi, na mimi sikukuambia."

Ézéchiel akatoa kofia ya chuma kichwani. Akamtazama mama yake. Wenzake wote wakasogea wasikie.

"Tangu juzi? Ulikula na mimi, mama. Ulinitazama."

"Niliogopa wakukate. Nisamehe kesho, leo nipeleke!"

"Lakini imekuwa kama mtama! Weye mwenyewe umesema!"

"Nilipima weupe tu! Ya ndani sikuiona, na weye hukuiona, na jua haliioni! Ézéchiel, mutoto wangu, washa pikipiki!"

Akawasha.

Mama akapanda nyuma, kitenge kimekunjwa magotini, mkono mmoja umekumbatia tumbo la mwanawe. Wakapita Keshero kama watu wanaofukuzwa. Kwenye mteremko mmoja Ézéchiel akapiga kelele bila kugeuka, upepo unamnyang'anya maneno:

"Mama! Na mimi kuna kitu sikukuambia!"

"Nini?"

"Tumbaku! Niliacha miezi miwili. Kisha ukasema imepunguka, imepunguka... nikarudilia! Kidogo tu!"

Domitille akainua kale kachuma ampige nako, akakumbuka ni yeye anayeendesha, akakashusha. "Tukifika nitakuua!"

"Basi dokta wa nini?"

Na juu ya pikipiki ile, katikati ya vumbi na hofu, wakacheka wote wawili, kicheko kile kinachotoka pamoja na machozi.

Saa saba kasoro dakika tano, wakaingia kliniki. Mlinzi akasema zamu imefungwa. Domitille alimpita. Ndani, mwanaume mrefu mwenye miwani alikuwa anafunga sanduku lake, na Dokta Kahindo anamsindikiza mlangoni.

"Mama Domitille!" Dokta Kahindo akasema. "Nilishakata tamaa."

"Mutobolee!" Domitille akasema, anahema. "Mutobolee ndani, muone!"

Yule dokta wa Bukavu akatazama saa. Akatazama vumbi kwenye nyusi za Ézéchiel. Akatazama kachuma. Akafungua sanduku.

"Kaa. Fungua mdomo."

Akaangalia kwa taa yake. Akashika ulimi kwa kitambaa, akauvuta taratibu, akapitisha kidole chini na nyuma. Domitille alisimama nyuma yake.

"Hapa mbele, kweli, pamepauka," dokta akasema. "Kapsule zimepunguza weupe. Sasa mama, sogea. Unaona hapa nyuma, mahali doa lilipoishia? Kuna wekundu kidogo. Na chini yake, kidole changu kinakutana na ugumu. Hapa mulipima?"

Hapa hakupima. Haragi, muhindi, mtama, vyote vilikuwa vya mahali peupe. Pale pekundu taa ya simu ilikuwa inapita juu tu kila Jumapili.

"Unatumia tumbaku?"

"Kidogo, dokta," Ézéchiel akasema.

"Kidogo ni jina la nani? Imeisha leo. Mama, ukimuona nayo, nipigie mimi."

Wakamchoma sindano ya ganzi. Ézéchiel, ambaye amevuka barabara ya Masisi chini ya risasi, akakamata vidole vya mama yake kama siku ya kwanza ya shule. Kisha dokta akatoa chombo chake, na Domitille akatoa sauti kubwa hata Dokta Kahindo akaruka.

"Iko na kachuma! Hata yeye iko na kachuma!"

Maana kilikuwa kidogo, cha duara, na tundu ndani, chenye makali kwenye ncha. Dokta akakisukuma, akakizungusha, akakitoa. Vipande viwili, kimoja cha mahali peupe, kimoja cha mahali pekundu. Vikatumbukizwa kwenye vichupa, vikaandikwa jina. Mshono mmoja, pamba, basi. Haikufika dakika kumi na tano.

"Dokta," Domitille akauliza, sauti imerudi kuwa ndogo, "hamujaiamsha?"

Yule dokta hakumcheka. Akavua miwani, akaifuta. "Mama, watu wengi wananiuliza vile. Kitu hiki kama kipo, kinatembea chenyewe, hakingojei chuma. Wale wanaokufa baada ya kukatwa, wengi wao walikuja kwetu wakiwa wamechelewa. Mimi nitakimbilia boti sasa. Majibu, majuma mawili."

Majuma mawili yale siyaandiki. Mama wote wanajua yalivyokuwa. Niseme hivi tu: Domitille alikwenda tena kwa Dokta Kahindo, akamwomba afute namba yake kwenye daftari na aandike ya Ézéchiel.

Kwa hiyo siku ya majibu, simu haikulia kwake. Alikuwa kwenye meza yake, anakatia mutu robo ya fromaji, akaona pikipiki inaingia ndani ya soko, kati ya mafungu, mahali ambapo ni marufuku. Ézéchiel alikuwa hajazima hata moteri.

"Haijakuwa kanseri! Mama! Haijakuwa!"

Kisu kikamtoka mkononi. Vigelegele vikapasuka, wauza ndizi wakapokea, wauza kabichi wakapokea bila kujua habari ni ya nini. Mutu mmoja akaanza kupiga ndoo. Domitille alicheza mbele ya meza yake mpaka kilemba kikamwanguka.

"Ngoja, mama, ngoja, nimalizie!" Ézéchiel akamkamata mikono. "Kile kipande cheupe kilikuwa na mabadiliko madogo. Kile chekundu kilikuwa kimeshaharibika sana, dokta anasema kilikuwa kimebakiza hatua moja tu. Tungengoja ile miezi mine, hajui tungekuta nini. Wanataka nishuke Bukavu juma hili, watoe sehemu yote."

"Watoe," Domitille akasema. Neno lile lilitoka lenyewe, na yeye mwenyewe akashangaa kulisikia. "Watoe! Twende hata leo!"

Wakashuka na boti ya Jumanne. Wakatoa sehemu ile yote na ukingo mzima kuizunguka. Ézéchiel alikaa siku tisa anakunywa uji na supu baridi, anaongea kama mulevi, na mama yake anamtafsiria mbele ya watu hata pale aliposema vizuri. Majibu ya pili yakaja: pembeni kote kumebaki safi. Lakini wakamwambia asijidanganye, doa la namna ile linaweza kurudi, hata mahali pengine mdomoni. Kila miezi mitatu aangaliwe na dokta, mwaka huu na mwaka ujao na kuendelea. Tumbaku, hapana kabisa. Alipouliza kuhusu kapsule, wakamjibu kuwa hazikatazwi, ila zisiwe badala ya kuangaliwa.

Walirudi Goma siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi, Dancille akagonga.

"Karibuni nyumbani, Mama Ézé. Mungu ni mkubwa." Akaketi, akasifu, akazunguka maneno, mwishowe akainamisha sauti. "Zile kapsule nyekundu, zilibaki? Nipatie kidogo. Muzee wangu Édouard iko na kitu cheupe ndani ya shavu, pale anapowekaga kiko chake. Tangu mwaka jana. Nilifikiri, kwa vile kwa Ézéchiel zilifanya kazi..."

Domitille alikuwa na boksi zima, juu ya kabati. Hakulitazama hata.

"Tangu mwaka jana?"

"Haimuumi, Mama Ézé."

"Ya Ézéchiel nayo ilimuuma? Ni pilipili ndiyo iliuma! Muzee yuko wapi?"

"Nyumbani, anakunywa chai. Lakini..."

Domitille alikwisha kutoka. Akamkuta muzee Édouard kwenye benchi, kikombe mkononi, kiko mdomoni, kofia ya sufu kichwani. Akamtoa kiko kwanza, kisha kikombe.

"Shikamoo, muzee. Simama, tunaenda Himbi."

"Weye mama, unaingiaje kwa watu..."

"Utanitukana njiani. Ézéchiel! Leta pikipiki!"

"Mimi nilituma kapsule!" muzee akapiga kelele. "Nilimtuma aombe kapsule tu!"

"Kapsule utapata kama dokta akikuandikia, na nitakuongezea zangu zote. Kwanza wakuangalie ndani."

"Na wakinikata?"

Domitille akamvalisha kofia ya chuma ya Ézéchiel juu ya ile ya sufu, akamfungia kamba chini ya kidevu kama mutoto.

"Wakikukata watajua. Pandeni. Mama Dancille, panda nyuma ya muzee, mushike asiruke. Mimi nakuja na pikipiki nyingine."

Ézéchiel akawasha, na muzee Édouard akaondoka analalamika mpaka kwenye kona, mke wake amemkumbatia kwa nguvu zote, na Domitille nyuma yao barabarani, mkono juu, anaita dereva wa pili.